Ni sado, si ndoo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nisahihishe kosa langu mwenyewe. Wiki iliyopita mlichapa habari yangu ya kwanza kabisa, fupi tu, chini ya tangazo la viwanja. Niliandika kuwa ndoo ya dagaa wabichi Soko la Feri imefika Sh12,000. Si ndoo, ni sado, yaani lile kopo la lita nne lililokuwa la rangi. Sado tano ndiyo ndoo moja, piga hesabu.

Mimi ni mwanafunzi wa uandishi wa habari, niko field. Nilifika Feri saa 12 asubuhi nimevaa raba nyeupe (ndiyo, nyeupe), nina barua ya chuo na daftari jipya, na nimekariri kwamba soko lilijengwa kwa msaada wa Japani likafunguliwa 2002. Hakuna aliyeniuliza habari za Japani.

Jibu nilikwenda nalo toka nyumbani: dagaa wamepanda kwa sababu ya petroli ya boti. Nikamkuta mvuvi anakunja nyavu, nikamtupia swali refu, petroli humo ndani mara tatu. Akaninyooshea kidole upande wa mjini, juu ya maghorofa. Mwezi ulikuwa bado haujazama.

"Dada, ule huuoni?"

Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka hawaifuati taa, wanatawanyika, na boti nyingi hazitoki. Nilifurahi mno kupata hilo, nikawa naandika mwezi tu. Mama muuza dagaa akanitajia bei huku mnadishaji anapiga kelele pembeni. Nilisikia "elfu kumi na mbili." Mkono wake ulikuwa unagonga kopo, sikuuangalia.

Jumamosi nilirudi. Aliponiona tu: "Mwanangu, umeniletea balaa! Watu wanakuja na ndoo zao, nikiwatajia bei wananiita mwizi. Eti gazeti limeandika!" Nikamwomba radhi mbele ya wateja wake. Nikanunua sado moja, na hakunipunguzia hata mia.

Nilipopiga simu chumba cha habari, aliyepokea aliniambia kosa dogo hivyo halihitaji masahihisho, kesho gazeti linafungiwa maandazi. Nakala za karatasi sawa, zimefungiwa. Lakini kuna aliyeipiga picha habari ile, na nimeonyeshwa kwa macho yangu ikizunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya mama lishe, jina langu juu.

Naomba mistari miwili tu, ukurasa ule ule: sado ya dagaa Sh12,000, bei ya siku za mbalamwezi. Nasikia sasa giza limeingia na bei imeanza kushuka. Hiyo sijaiandika. Nakwenda Alhamisi kuuliza.

Mwanafunzi wa uandishi wa habari, mwaka wa pili,
Dar es Salaam