"Darmok": lugha tamu isiyoweza kulea mtoto

Mhariri,

Wapenzi wa tamthilia za kisayansi hawachoki kuisifu "Darmok", sehemu ya Star Trek: The Next Generation iliyorushwa Marekani Septemba 1991, kwa lugha yake ya mafumbo: humo Watamari, watu wa sayari ya mbali, husema kwa kutaja tu majina na matukio ya visa vyao. Naipenda mno sehemu hii, ila naona sifa inapelekwa pasipo pake. Lugha yenyewe ina ufa. Kilicho bora ni namna mtazamaji anavyofundishwa.

Tazameni usiku wa kwanza kwenye sayari ya El-Adrel. Picard, nahodha wa chombo cha anga Enterprise, ameshindwa kuwasha moto. Dathon, nahodha wa Watamari, anamrushia kijinga kinachowaka: "Temba, mikono yake wazi." Picard anadhani Temba ni moto. Dathon anarudia maneno yaleyale, ndipo Picard anang'amua kwamba Temba ni mtu, na mikono iliyo wazi ni ya mtu anayetoa. Kamusi haipo, mkalimani hayupo. Kuna kitu cha kushika, tendo, kosa, na marudio. Mwalimu mzuri wa lugha hufundisha hivyohivyo. Paul Winfield, ingawa uso wake umefunikwa na kinyago kizito, anaibeba subira hiyo kwa sauti na kicheko.

Sasa ufa. Mashine ya kutafsiri inapitisha "Shaka, kuta zilipoanguka", fumbo lao la kushindwa, bila taabu. Basi Watamari wana neno la ukuta na la kuanguka. Kwa nini wasiyatumie moja kwa moja? Na mtoto wao atamjuaje Temba ikiwa hakuna wa kumsimulia? Sisi tukisema "sizitaki mbichi hizi" tunaelewana kwa sababu kila mmoja alishasimuliwa habari za sungura aliyerukia ndizi akazikosa. Kisa hutangulia, fumbo hufuata. Tena watu hawa wanaendesha vyombo vya anga: fundi atamwambiaje mwenzake akaze nati robo mzunguko? Sentensi moja tu ingeziba pengo, kwa mfano kwamba watoto hujifunza visa kwa kuigiza.

Matukio ya ndani ya Enterprise yanapwaya pia. Data na Troi, maofisa wa Picard, wanaeleza mezani, kwa mfano wa Juliet, yule mpenzi wa Romeo, kwenye roshani yake, jambo ambalo sayarini tunalionyeshwa kwa vitendo. Dakika hizo zingefaa zaidi kule motoni. Jaribio la Enterprise la kumrudisha Picard chomboni kwa mwali nalisamehe, maana linamnasa katikati ya pambano na mnyama wa sayari ile, akabaki kutazama tu mnyama huyo akimjeruhi Dathon.

Kisha kuna usiku wa pili. Picard anaanza kwa mtindo wa Watamari, "Gilgamesh, mfalme, kule Uruk", akianza utenzi wa kale wa Mesopotamia, halafu anateleza kwenye masimulizi ya kawaida, sentensi kamili, mpaka Enkidu, rafiki wa mfalme huyo, anapokufa. Dathon, akiwa mahututi, anamsikiliza, na uso wake unaonyesha anafuata. Ikiwa kweli anafuata, lugha ya kawaida anaijua, na watunzi walikuwa na jibu mkononi wakaliacha lipite.

Msomaji wenu,
Morogoro