Barua kwa mwanangu aliyeajiriwa ofisi ya utumishi

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, na baba yako kifua kimetulia. Nimefurahi mno kusikia umeripoti halmashauri na kupangiwa utumishi. Nimeshika chaki hadi nikastaafu, kwa hiyo ofisi kama yako naijua vizuri, ila kwa upande wa benchi la kusubiri.

Mwalimu akiingia na hati yake ya mshahara, isome yote kabla hujamjibu. Kuna kodi, pensheni, bima ya afya, ada ya chama cha wafanyakazi. Na kama alisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, asilimia 15 ya mshahara inakatwa. Bado mkopo wa benki. Kinachobaki hakivuki nusu mwezi, ndipo anapoangukia kwa wale wa kausha damu, wakopeshaji wa mitaani wenye riba kubwa. Shuleni kwetu kulikuwa na kijana wa Hisabati, hodari kwelikweli. Kadi yake ya benki na namba ya siri vilikaa kwa mkopeshaji. Mshahara ukiingia, mkopeshaji ndiye anayeutoa, kisha anamkabidhi kilichosalia. Kengele ya kutoka ikilia, kijana anawahi bodaboda, anabeba abiria hadi usiku. Siku moja nikafunua madaftari aliyosahihisha: mtoto kaandika 7 × 8 = 54, kawekewa vema. Hakuwa amelisoma. Yule mtoto akaenda nyumbani akijua amepata.

Elimu bila malipo ilipoanza 2016, darasa la kwanza lilifurika. Nililipenda jambo lile na bado nalipenda. Lakini mwaka huohuo upandishaji wa madaraja ya mshahara ukasimamishwa kupisha uhakiki wa watumishi, na wengi wakasubiri hadi 2021. Watoto wakaongezeka, mshahara ukabaki palepale. Mei Mosi 2025 kima cha chini cha mshahara serikalini kikatangazwa kupanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000, nami nikashangilia. Hata hivyo, mwalimu wa siku nyingi tumaini lake liko kwenye daraja na malimbikizo ya mshahara anayodai, na hayo yanapita mezani kwenu.

Barua ya daraja isipoingizwa kwenye mfumo, mshahara haubadiliki hata senti. Basi mwalimu anaomba ruhusa, anakopa nauli, anapanda gari la alfajiri kutoka kijijini, anafika anaambiwa mhusika yuko kwenye kikao, njoo wiki ijayo. Siku hiyo darasa lake limekaa bila mtu. Wiki ijayo vilevile. Wakubwa wakiuliza kwa nini watoto wa shule za serikali hawajui kusoma, wahesabu na siku hizo.

Ninachokuomba, anza na majalada ya shule za mbali, maana wa mjini wanaweza kupita hata jioni. Jalada likipungukiwa karatasi, mpigie mwalimu mkuu simu aitume kwa anayekuja mjini. Na daraja likishaingia, wape taarifa siku hiyohiyo, mtu asifunge safari kuja kuulizia.

Mama yako