Barua ya wazi kwa vijana mnaosema "huko hakuna raia asiye na hatia"

Wanangu,

Salamu zangu ziwafikie mkiwa wazima. Nawaandikia kwa sababu ya sentensi moja ninayoisikia vinywani mwenu kila mnapozungumzia vita vya leo: "Huko hakuna raia asiye na hatia." Mmoja wenu anasema walimpigia kura kiongozi wao. Mwingine anasema walishangilia. Wa tatu anasema wangeweza kumwondoa, wakanyamaza. Kisha bomu likiangukia watu wa upande mnaoupenda, wasemaji wale wale wanalia kwamba wameuawa watu wasio na silaha. Kilio hicho ni cha haki kabisa. Ninachowaomba ni kwamba siku hiyo mkumbuke kanuni mliyoitamka jana yake.

Sentensi hiyo hamkuitunga ninyi. Tarehe 14 Februari 1942 jeshi la anga la Uingereza lilipewa agizo kwamba mashambulizi juu ya Ujerumani yalenge kuvunja ari ya raia, hasa wafanyakazi wa viwandani. Wajerumani walikuwa wamekwisha kuzipiga Warsaw, Rotterdam na London. Hamburg ikaungua Julai 1943. Usiku wa kuamkia 10 Machi 1945 ndege za Marekani ziliteketeza mitaa ya mashariki ya Tokyo, wakafa watu wapatao 100,000 kwa usiku mmoja. Ilielezwa kwamba ndani ya nyumba zile za mbao kulikuwa na karakana ndogo za vipuri vya vita. Zilikuwepo kweli. Walikuwepo pia watoto wachanga na vikongwe, na waliopanga shambulio walilijua hilo.

George Bell, askofu wa Chichester, alisimama katika Baraza la Malodi la Bunge la Uingereza Februari 1944, taifa lake likiwa katikati ya vita, akahoji uhalali wa kuteketeza miji mizima. Hakuna aliyeweza kumwita kibaraka wa Hitler, kwa maana alikuwa akiwasaidia Wajerumani waliompinga Hitler tangu miaka ya 1930. Wengi nchini mwake walimkasirikia. Mimi namheshimu kwa sababu kipimo alichowapimia maadui aliwapimia na watu wake, tena wakati ambapo kufanya hivyo kulikuwa na gharama. Kukosoa vita vya babu zetu ni rahisi.

Mtaniambia, kama wengine wenu mlivyokwisha kuniambia, kwamba dunia yenyewe ni ya undumilakuwili, basi kwa nini sisi tujifunge? Ni kweli kwamba undumilakuwili upo, hata penye heshima kubwa. Kesi ya viongozi wa Kinazi kule Nuremberg, Ujerumani, ilipoanza Novemba 1945, majaji wote walitoka nchi zilizoshinda. Washtakiwa hawakuhukumiwa kwa kuipiga miji mabomu kutoka angani, jambo ambalo washindi nao walilifanya, tena kwa ukubwa zaidi. Waendesha mashtaka wa Kisovieti waliwashtaki Wajerumani kwa mauaji ya maofisa wa Poland kule Katyn. Hukumu haikulitaja kabisa, na mwaka 1990 Moscow ikakiri kwamba mauaji yale yalikuwa ya kwake. Admirali Karl Dönitz wa Ujerumani aliposhtakiwa kwa vita vya nyambizi dhidi ya meli za biashara, Admirali Chester Nimitz wa Marekani alitoa ushahidi wa maandishi kwamba nyambizi za nchi yake zilifanya vivyo hivyo katika Pasifiki. Mahakama ikatamka kwamba kifungo cha Dönitz hakitokani na kosa hilo.

Sasa hapa ndipo nataka mtulie nami. Wapo wanaosoma habari hizi wakasema kesi yote ilikuwa mchezo wa washindi, hivyo waliohukumiwa waliponzwa na kushindwa tu. Sikubali. Makambi ya maangamizi yalikuwepo, na waliohukumiwa kwa ajili yake waliyajenga na kuyaendesha. Mshindi akikwepa hesabu yake, dhambi ya aliyeshindwa haipungui hata chembe. Kilichopo ni deni la pili ambalo halijalipwa. Ukisema "na wao walifanya," umetoa ushahidi dhidi ya watu wawili. Hujamtetea yeyote.

Sheria yenyewe inasema hivyo. Kifungu cha 33 cha Mkataba wa Nne wa Geneva wa 1949 kinakataza kumwadhibu mtu kwa kosa ambalo hakulitenda yeye mwenyewe, na kinakataza adhabu ya jumla. Itifaki ya Kwanza ya 1977, iliyoongezwa kwenye mikataba ya Geneva, inakataza kuwashambulia raia kwa kulipiza kisasi, na inaongeza kwamba adui akivunja sheria, upande wa pili haufunguliwi kuwatendea raia atakavyo. Raia anapoteza kinga hiyo pale tu anaposhiriki moja kwa moja katika mapigano, na kwa muda ule anaoshiriki. Kupiga kura hakumo. Kushangilia hakumo, ingawa kunachefua.

Je, raia hana wajibu wowote? Anao, tena mzito kuliko mnavyodhani. Mjerumani Julius Streicher hakuwa askari katika vita ile wala hakuongoza kambi. Alikuwa mwenye gazeti, na kwa miaka mingi gazeti lake lilihimiza chuki dhidi ya Wayahudi hadi kutaka waangamizwe. Alinyongwa Oktoba 1946. Mfanyabiashara Bruno Tesch, ambaye kampuni yake ilipeleka makambini gesi ya sumu ya Zyklon B iliyotumika kuua watu, alihukumiwa kifo na mahakama ya kijeshi ya Uingereza mwaka huo huo. Arusha, mwaka 2003, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda iliwatia hatiani watu wa redio RTLM na gazeti la Kangura, vyombo vilivyochochea chuki dhidi ya Watutsi, na ingawa rufaa ya 2007 ilifuta baadhi ya makosa na kupunguza vifungo, hakuna aliyeachiwa. Hao wote walikuwa raia. Walihukumiwa kwa maneno waliyoyasema, mali waliyoiuza, amri walizotoa. Hakuna aliyehukumiwa kwa kuzaliwa Mjerumani au Mhutu.

Baki wale wengi zaidi: waliojua kidogo, wakaogopa, wakalipa kodi, wakanyamaza. Karl Jaspers, mwanafalsafa aliyefukuzwa chuo kikuu mwaka 1937 kwa kuwa mkewe alikuwa Myahudi, aliwazungumzia hao mbele ya wanafunzi wa Heidelberg mara baada ya vita. Alitenganisha hatia ya jinai, ambayo ni ya mtu mmoja mmoja mbele ya mahakama, na dhamana ya kisiasa, ambayo wananchi wote wanaibeba kwa yaliyotendwa na dola yao, kwa mfano kwa kulipa fidia. Kisha akataja hatia ya dhamiri, ambayo kila mtu anajihukumu mwenyewe. Angalieni alikuwa akisema na nani. Alikuwa Mjerumani akisema na Wajerumani, akijihesabu miongoni mwao. Swali la "ulikuwa wapi watu walipouawa kwa jina lako?" ni swali ambalo watu wanaulizana wao kwa wao. Likigeuka kuwa sababu ya mgeni kumuua mwenye nyumba, si wajibu wa raia tena.

Nami nianze na yetu. Tunapoisimulia Maji Maji ya 1905 hadi 1907 tunasema kweli kwamba Wajerumani walichoma vijiji, mazao na maghala kwa makusudi ili njaa imalize kilichosalia, na makadirio ya waliokufa yanafika 300,000. Hilo lisisitizwe daima. Lakini Agosti 1905, karibu na Liwale, wapiganaji wetu walimuua askofu Cassian Spiss pamoja na mabradha wawili na masista wawili waliokuwa naye safarini. Hawakuwa askari. Mauaji yale hayalingani na njaa ile, na mtu asinibandikie kwamba nayalinganisha. Kipimo kimoja kinaweza kutoa uzito tofauti sana. Nasema tu kwamba wale masista nao wapimwe.

Na mkitaka kuona wajibu wa raia ulivyo kila siku, tazameni yaliyofuata My Lai, Vietnam, tarehe 16 Machi 1968, ambako askari wa Marekani waliua wanakijiji wapatao 500. Rubani wa helikopta Hugh Thompson alitua kati ya askari wenzake na wanakijiji waliobaki, akawaamuru wake waelekeze bunduki kwa Wamarekani iwapo wangeendelea kuua. Luteni William Calley peke yake ndiye aliyetiwa hatiani, mwaka 1971, na maelfu ya raia wakaipelekea Ikulu barua na simu za kumtetea. Muda wa kutumikia adhabu yake uliishia karibu wote katika kifungo cha nyumbani. Thompson alipata vitisho, na nishani ya kutambua alichokifanya kweli siku ile haikuja ila mwaka 1998. Raia wale waliomtetea Calley hawakumpiga mtu risasi. Walichochagua ni nani wamshangilie.

Hapo ndipo mlipo ninyi. Hamna bunduki, hamna ndege. Mna sauti, na mnaitumia kila siku. Basi mwenzenu akileta habari ya mauaji, ulizeni nani aliuawa, alikuwa akifanya nini, na aliyeamuru alijua nini. Kisha badilisheni majina ya pande mbili mwone kama bado mnasema mlichosema. Na kila aliyeitamka ile sentensi juu ya raia wa upande wowote, naomba aitengue mbele ya wale wale waliomsikia. Atakayeona nimekosea aniandikie, nitamjibu.

Mzee wenu