Asante, mama wa gari jekundu

Mama, jina lako sikuliuliza, nisamehe. Ilikuwa Cedar Rapids, jimbo la Iowa, Marekani, dhoruba ya upepo ilipotupiga tarehe 10 Agosti 2020. Upepo ule ulikadiriwa kufika kilomita 225 kwa saa, na haukupita haraka kama kimbunga cha kuzunguka. Ulitupiga karibu saa nzima. Paa liling'oka. Nje ya mji mahindi yote yalilala chini.

Siku zilizofuata sisi Wakongo na Warundi tulilala kwenye mahema, hakuna umeme, watoto wakishtuka kila tawi likivunjika. Ukaja na maji, nepi na sufuria ya wali wa moto. Lugha hatukuelewana. Ukampakata binti yangu mpaka akasinzia kifuani pako. Hadi leo anakuulizia. Asante sana, mama. Mungu akuzidishie.