Dada yangu hakurogwa

Mhariri,

Mliandika juzi kuwa mayelini, lile ganda la mafuta linalofunika neva, ikishaliwa na kinga ya mwili ndiyo basi, haitengenezeki. Napinga.

Dada yangu huuza omena soko la Kibuye. Saa saba mchana, jua la utosi, hawezi kutofautisha sarafu ya shilingi 10 na ya 20. Macho yanaingia ukungu. Hulowesha leso, akajitanda kichwani, akakaa kivulini. Baada ya nusu saa anarudisha chenji kama kawaida. Majirani walisema ni jini wa ziwani. Zahanati moja ilimtibu malaria mara tatu. Mwishowe picha ya MRI ikaonyesha makovu ubongoni: multipo sklerosi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hula mayelini. Neva iliyochunika hupitisha ujumbe kwa taabu, na joto la mwili likipanda kidogo tu, ujumbe hukatika. Uhthoff, daktari wa macho Mjerumani, alieleza hali hii mwaka 1890, na wala hakutaja jini.

Sasa seli zenyewe. Ubongoni mayelini hufumwa na seli ziitwazo oligodendrosaiti, na moja huweza kuhudumia hata nyuzi 50 za neva, kwa hiyo ikifa hasara si ndogo. Lakini ubongo wa mtu mzima una akiba ya seli changa. Hizo hukimbilia penye jeraha, zikazaana, zikafuma upya; ganda jipya ni jembamba, ila linafanya kazi. Shida ni kwamba nyingi hufika zikakwama bila kukomaa, hasa uvimbe ukiwa bado unawaka. Tena seli hizo changa si watazamaji tu. Mwaka 2018 watafiti wa Taasisi ya Karolinska, Sweden, walionyesha kwa panya kuwa baadhi yake huwasha jeni za seli za kinga na huweza kuchochea vita vilevile vinavyoziua. Mimi hilo lilinikosesha usingizi.

Kwenye neva za mikono na miguu, wafumaji wa mayelini ni seli za Schwann, nazo ni hodari zaidi; wengi waliopoozwa na Guillain-Barré, ugonjwa ambao kinga hushambulia neva hizo, hutembea tena.

Dawa tulizo nazo hazifumi mayelini. Hupunguza mashambulizi, seli zikapata nafasi. Mwaka 2023 WHO iliiweka rituksimabu, mojawapo ya dawa hizo, kwenye orodha ya dawa muhimu kwa ugonjwa huu. Andikeni hilo, na mwandike bei yake. Dada yangu siku hizi hufungua meza alfajiri na kufunga kabla ya saa tano.

Msomaji wenu,
Kisumu