Keating aliuliza mara moja tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nimjibu mwandishi wenu wa safu ya filamu, aliyeisifia "Dead Poets Society" Jumamosi iliyopita na kumalizia kwa kusema kila mwalimu aitazame kabla ya kushika chaki. Mimi chaki nimeishika miaka 31, fasihi tupu, na filamu hiyo nimeitazama mara nne. Naipenda. Ndiyo maana naandika.

Mwandishi wenu alikaa sana pale mwalimu wa fasihi wa filamu hiyo, Keating (Robin Williams), anapowaamuru vijana wachane utangulizi wa kitabu cha ushairi, ule unaotaka ubora wa shairi upimwe kwa grafu. Panachekesha, sikatai. Lakini kuchana kurasa ni kazi ya dakika moja, hata mwalimu mvivu anaiweza. Ualimu wenyewe uko kwa Todd Anderson, yule kijana mkimya (Ethan Hawke, akiwa bado kinda) asiyeandika shairi lake kwa kuwa anaamini ndani mwake hamna kitu. Keating anamsimamisha mbele ya wenzake, anamwonyesha picha ya mshairi wa Marekani Walt Whitman ukutani, anamfunika macho kwa kiganja, anamzungusha huku akimchokoza kwa maswali, mpaka kijana anaanza kutoa maneno ambayo mwenyewe hakujua kama anayo. Wenzake wanacheka, kisha wanatulia tuli. Aliyewahi kufanya kazi hii anajua hatari iliyokuwapo: mtoto angekwama katikati, ile aibu angetembea nayo mpaka siku ya kumaliza shule. Keating hakubahatisha. Alikuwa ameshamsoma Todd kwa wiki kadhaa.

Sasa nije kwenye lililonishikisha kalamu.

Neil Perry, mwanafunzi mwingine wa Keating, baba yake ameshampangia maisha yote mpaka udaktari. Ni mwaka 1959, shule ya bweni ya wavulana huko Vermont, Marekani, ambako nidhamu imo kwenye bendera. Neil anapata nafasi ya Puck katika tamthilia ya Shakespeare, anaghushi barua ya ruhusa ya baba, baba anagundua na kumwamuru ajitoe, onyesho likiwa kesho yake. Usiku huo Neil anamwendea Keating chumbani. Anashauriwa vizuri kabisa: haya unayoniambia mimi, kamwambie baba yako. Baadaye Keating anamuuliza, umemwambia? Neil anajibu ndiyo, hakufurahi, lakini atakuwa safarini Chicago, nadhani ataniacha niendelee. Uongo mtupu. Tazameni uso wa Robin Williams hapo. Mimi naona mtu ambaye hajaamini, labda ni macho yangu ya kimwalimu. Lakini anatabasamu, na mambo yanaishia hapo.

Baba anatokea ukumbini onyesho likielekea mwisho, anamrudisha mwanawe nyumbani na kumtangazia shule ya kijeshi. Usiku uleule Neil anajiua.

Nami nilikuwa na wangu. Msichana wa kidato cha tatu, sauti ya kujaza ukumbi bila kipaza sauti, nilimpa nafasi kubwa katika mchezo wa kufunga mwaka. Nikamuuliza, mama amekubali? Akasema amekubali, Mwalimu. Nilitaka sana iwe kweli, nikaamini. Siku ya mchezo mama alifika saa moja kabla ya pazia kufunguliwa, akamshika mkono, wakaondoka. Jumatatu binti aliniletea vazi la mchezo, kalifua na kulipiga pasi, akaliweka mezani bila neno. Alimaliza shule salama, namshukuru Mungu. Ila tangu siku ile hakunyoosha mkono tena darasani kwangu.

Baada ya hapo sikuuliza tena "umemwambia?" Nikawa nauliza: ulimkuta anafanya nini? Alisema neno gani la kwanza? Mtoto aliyezungumza kweli na mzazi wake hukumbuka hata kama redio ilikuwa inaongea. Aliyedanganya huanza kutazama viatu. Hapo ndipo nilipokuwa nafunga daftari na kwenda mwenyewe kwa mzazi, nikanuniwa, nikaambiwa nafundisha watoto uhuni, nikarudi tena wiki iliyofuata.

Nieleweke. Simo upande wa yule mkuu wa shule anayewaita wavulana ofisini mmojammoja, mbele ya wazazi wao, watie saini karatasi ya kumtwisha Keating kifo cha Neil. Huo ni woga uliovaa tai. Nasema tu kwamba Tom Schulman, aliyepata Oscar kwa kuiandika filamu hii, naye akiwa amesoma shule ya wavulana kule Nashville, aliiweka ile sekunde ya tabasamu kwa makusudi, na mwandishi wenu aliipita akikimbilia wavulana waliopanda juu ya madawati mwishoni, kumuaga Keating aliyefukuzwa.

Na hata hao madawatini. Wanamwita Keating "Nahodha", neno la shairi la Whitman la kumwomboleza Rais Lincoln wa Marekani, ambamo merikebu imefika bandarini salama na nahodha amelala sitahani, amekufa. Shairi la msiba hilo, si la kushangilia. Tena si wote waliosimama: wengine wamebaki wamekaa, vichwa chini. Nao ni wanafunzi wake vilevile, na nyumbani kwao kuna baba pia. Mwandishi wenu akiitazama tena, namwomba awahesabu.

Wako,
Mwalimu mstaafu wa fasihi