Mshiko Kwanza, Kitufe Baadaye: Kuipatanisha Bastola ya Mashindano na Mkono Wako

Jumatatu baada ya mashindano ya IDPA, yaani mashindano ya kulenga kwa bastola, simu ya karakana yetu ya bastola hapa Nairobi haipoi. Ombi huwa ni lilelile: "Fundi, kitufe cha kuachia magazini hakifikiki, niwekee kirefu." Magazini ni kile kisanduku cha risasi kinachoingia ndani ya mpini.

Mwezi uliopita mama mmoja alikuja na kitufe kirefu mkononi, amekwisha kukiagiza ng'ambo na kukilipia ushuru. Bastola yake ni CZ Shadow 2, chuma kizito cha Wacheki kinachopendwa sana na walengaji wa mashindano. Kabla sijagusa bisibisi nilimwomba aishike kama anavyoishika uwanjani. Chemba ilikuwa tupu, magazini tupu. Nilikagua mimi, akakagua na yeye. Dole gumba lake liliishia njiani, likabakisha pengo la kama upana wa penseli. Ili akifikie kitufe ilimbidi aizungushe bastola kiganjani, abonyeze, airudishe, kisha aanze kuitafuta shabaha upya. Kwenye IDPA hesabu ni ya muda, na kila pointi unayopoteza inakuongezea sekunde 1 nzima. Mshiko ukivurugika wakati wa kubadili magazini, unalipa mara mbili: kwa saa na kwa shabaha.

Lakini shida yake haikuwa kitufe. Vibao vya mpini vilikuwa vya mbao, vinene, vizuri kwa macho, na kwa kiganja kidogo kama chake vilikuwa vinavisukuma vidole nje. Tukavitoa, tukaweka vya alumini vyembamba. Pengo likapungua hapo hapo. Kilichobaki tulikimaliza kwa kitufe kilichokuja na bastola yenyewe, kwa sababu kitufe cha Shadow 2 kinaweza kuwekwa katika nafasi 3 tofauti, jambo ambalo wenye nayo wengi hawalijui. Aliondoka na kile kirefu mfukoni, hakijafunguliwa.

Ndiyo maana hatuanzi na vitufe. Ukibadilisha mshiko, umbali wa kila kitu kingine umebadilika: kitufe cha magazini, sefti (kile kizuizi cha usalama), kizuizi cha slaidi (kinachoishikilia nyuma sehemu ya juu ya bastola risasi zikiisha), hata kifyatulio. Anayetanguliza kitufe atarudi kukibadilisha, na nisingependa ulipe kazi moja mara mbili.

Ukija, jambo la kwanza tunaloangalia ni kiganja kinakaa wapi nyuma ya mpini. Tunataka kiganja kishike juu kabisa, ule uwazi kati ya dole gumba na kidole cha shahada ubane chini ya mkia wa fremu, yaani mwili wa bastola, pasiwe na nafasi. Halafu kidole cha shahada: pingili ya mwisho itue kwenye kifyatulio, na kidole kisikwaruze ubavu wa fremu, kwa sababu kikiugusa kitaisukuma bastola kando unapofyatua. Mwisho tunatazama mkono wa pili umepata nafasi ya kutosha kwenye mpini au umebaki unaning'inia kwenye vidole vya mwenzake. Mpini ukiwa mnene mno, au mwembamba mno, utayaona yote matatu yakiharibika kwa pamoja.

Mshiko ukishatulia, ndipo matatizo ya kweli ya vitufe yanajitokeza. Linalotuletea wageni wengi ni hili: risasi ya mwisho inatoka, na slaidi, ile sehemu ya juu inayorudi nyuma kila unapofyatua, haibaki wazi. Mwenye bastola anadhani springi imechoka au magazini ni mbovu. Mara nyingi ni dole gumba lake mwenyewe. Walengaji wa siku hizi wanashika juu sana na madole gumba wameyanyoosha mbele, na moja linalala juu ya kizuizi cha slaidi na kukizuia kisipande. Dawa yake si springi mpya. Wakati mwingine tunaweka kizuizi kifupi zaidi, wakati mwingine tunaongeza kijirafu kidogo cha kuegemeza dole gumba mbali na kizuizi, daraja lako la mashindano likiruhusu.

Kwenye bastola za mtindo wa 1911 kuna mtego mwingine. Dole gumba likipanda juu ya sefti ya pembeni, kiganja huinuka kidogo nyuma, na ile sefti ya mpini, ambayo lazima kiganja kiibonyeze ndipo bastola ifyatue, haibonyezeki sawasawa. Unafyatua, kimya. Hapo tunaweka sefti ya mpini yenye kinundu upande wa chini, ili kiganja kiikute hata kikiinuka. Hatuifungi wala kuizima, hata mteja akibembeleza. Sefti iliyozimwa haitoki katika karakana hii.

Ndugu zetu wanaotumia kushoto wana safari yao. Wengi wamezoea kujikunja, wanabonyeza kitufe kwa kidole cha shahada, na kusema kweli wengine wanakwenda kasi kuliko sisi wa kulia. Kama umezoea hivyo na unafanya vizuri, nitakushauri uendelee hivyo hivyo. Anayetaka kukihamisha anaweza: Glock za kizazi cha 4, zilizotoka 2010, kitufe chake kinageuzwa kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ila leta magazini zako zote. Kijana mmoja aligeuza mwenyewe nyumbani, akafika uwanjani, magazini ya kwanza ikakaa vizuri na ya pili ikadondoka miguuni. Ile ya pili ilikuwa ya kizazi cha zamani, yenye tundu la kushikiwa upande mmoja tu, na sasa kitufe kiko upande usio na tundu. Ilikuwa imeandikwa Glock, imejaa vizuri, lakini haina pa kushikiwa.

Sasa turudi kwenye kitufe kirefu, maana sisemi hakifai. Kwa mwenye dole gumba fupi kinaokoa. Nachotaka ujue ni kwamba kila milimita unayoongeza inasogea pia karibu na kiganja cha mkono wa pili. Ukikaza mshiko kwa nguvu, kiganja kinabonyeza, magazini inashuka nusu, unapiga risasi iliyomo kwenye chemba, halafu hakuna kitu. Kitufe kinaweza pia kubonyezwa na ala unapochomeka bastola kiunoni. Kwa hiyo tunaweka kirefu kuliko unavyohitaji, tunakipunguza kwa tupa kidogo kidogo huku wewe ukijaribu, na tunasimama pale dole gumba linapokifikia bila kiganja kukigusa. Kazi hiyo huchukua kama saa moja ya kupiga tupa, kushika, kupiga tena. Usije na haraka.

Njoo na cheti chako cha kumiliki silaha. Bila hicho, kwa mujibu wa Sheria ya Silaha za Moto, Sura 114, hatuigusi bastola, hata ya mtu tunayemfahamu. Njoo na magazini zote, ala unayotumia mashindanoni, na utuambie unashindana daraja gani, kwani kinachoruhusiwa daraja moja kinaweza kukutoa mashindanoni katika jingine. Risasi ziache nyumbani. Hapa tunatumia risasi bandia.

Kabla hujaondoka utabadilisha magazini mara 20 mbele yangu, ukiwa umefumba macho zile 5 za mwisho. Halafu rudi baada ya wiki 2 za mazoezi. Skrubu ndogo za kitufe hulegea mwanzoni, na mkono nao huwa umejifunza kitu. Siku hiyo tunakaza skrubu kwa gundi, na kama dole gumba limehama, tunasogeza tena. Ziara hiyo ya pili hatuitozi.